Saa ya Mzee Isisimame

Benchi ni yangu. Naanza na hapo kwa sababu watu wa Dallas, huu mtaa wetu wa Embu, wamejifanya wamesahau. Mimi, Ndambiri, fundi wa viatu, ndiye niliyenunua hizo mbao nikazipigilia misumari mbele ya kibanda changu, ili mteja akae akingoja kiatu chake. Mteja gani? Kukicha pamejaa watu ambao hawajawahi kuniletea hata ndara ya kushona. Upande mmoja iko bucha ya Saad, tunayemwita Kilo. Upande wa pili liko jiko la Mashavu, anayeuza kahawa chungu ya tangawizi kwa vikombe vidogo. Kuuza kahawa Embu ni ujasiri, nakwambia. Sisi tumezaliwa katikati ya miti ya kahawa. Tunaipanda, tunaichuma, tunaipeleka kiwandani, halafu tunarudi nyumbani tunakunywa chai. Mashavu ndiye aliyetuonjesha. Sasa asubuhi ninayosimulia, ile baridi ya mwezi wa saba imetukaba koo, hakuna aliyekuwa akiongea siasa wala mpira. Wote tulikuwa tunaangalia saa moja ya mkono iliyokuwa mikononi mwangu.

— Itingishe, Fundi! Usiishike hivyo, itingishe!

Huyo ni Mutegi, na saa ni ya baba yake, Mzee Ndwiga.

— Si ninatingisha?

— Hiyo ni kutingisha ama unaipima? Leta. Mpe Kilo.

Nikampa Kilo. Kilo akaanza kuitikisa juu chini, damu ya nyama bado iko kwa aproni, na mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu cha soko akatuangalia akaongeza mwendo. Simlaumu. Wanaume wazima asubuhi na mapema, wanapokezana saa na kuitikisa, na hakuna hata mmoja anacheka.

Wacha niwaeleze. Hiyo saa Mzee Ndwiga alipewa na chama cha ushirika cha kahawa siku aliyostaafu ukarani. Ni saa ya otomatiki. Haina betri, na kale kakichwa kake ka pembeni kazi yake ni kurekebisha mishale tu, hakawezi kuijaza. Ndani kuna kichuma kinachozunguka wakati mkono unatembea, na hicho ndicho kinaipa nguvu. Mkono ukitulia, saa inakula akiba yake, na akiba ikiisha, inasimama. Miaka yote mkono wa Mzee haujawahi kutulia. Alikuwa anakaa hapa kwa benchi yangu, pale mwisho, na hujawahi kumuuliza saa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anatangaza. Ndio maana tulimwita Redio. “Saa nne kamili, Kilo, funika nyama, nzi wameamka.” “Saa saba, Ndambiri, nenda ule.” Halafu mwezi wa tano akaanguka kwa bafu. Kiharusi. Mdomo umerudi kidogo. Mguu anauburuta. Lakini mkono wa kushoto umekataa kabisa, umelala hapo kwa paja lake, na saa iko kwa mkono huo wa kushoto.

— Hebu rudia vile alisema jana, Mashavu akaomba, ingawa alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa anamimina kahawa huku anamwangalia Mutegi kwa huruma.

Mutegi akashika kikombe bila kunywa.

— Kila asubuhi mimi huingia kabla hajaamka, natoa saa pole pole, natingisha mpaka mkono unaniuma, naweka mishale sawa kwa simu, namrudishia. Akiamka anakuta inatembea. Anaangalia, anafurahi, anakubali uji, anakubali yule dada wa mazoezi aje amkunje vidole. Sasa jana nikalala. Nilikuwa nimechoka, mama. Nilipoingia, alikuwa ameamka, anaiangalia.

— Imesimama.

— Imesimama, mama. Akaniambia, “Hata hii imenikataa.” Halafu akageukia ukuta. Mpaka saa hii hajatia kitu mdomoni. Yule dada wa mazoezi akafukuzwa. Anasema kama saa imejua mkono umekufa, yeye ni nani abishane.

Kilo alikuwa anatikisa tu.

— Leo nimemdanganya, Mutegi akaendelea. Nimemwambia saa naileta kwa Fundi, kamba imelegea, ili tuitingishe mpaka ishibe. Fundi, ukiulizwa ni kamba.

— Ni kamba, nikasema.

Na haikuwa uongo wote. Mzee alipotoka hospitali, ule mkono ulikuwa umekonda mpaka saa ilikuwa inateleza inafika kwa kiganja. Nilitoboa shimo jipya kwa kamba mimi mwenyewe, ndani zaidi ya lile la zamani. Sikuwa nimependa hiyo kazi.

Sasa hapo ndipo Lennox alipoingia. Lennox tunamwita Injinia. Alisomea mambo ya stima, umeme, mwaka mmoja na kitu, akaacha, lakini jina likabaki, na yeye hajalikataa.

— Wazee, mnachoka bure. Kuna mashine ya hii kazi.

— Mashine ya kutingisha saa? nikauliza.

— Ya kuzungusha saa, Fundi. Ni kisanduku hivi. Ndani kuna kamto kadogo, unavalisha saa kwa kamto, unafunga mlango, mota inakazungusha polepole usiku mzima. Asubuhi saa imeshiba. Unamvalisha Mzee, hata mkono ulale siku nzima, saa inatembea mpaka usiku, unairudisha kwa sanduku. Matajiri wanazo. Mtu ana saa nyingi na mkono ni mmoja, sasa zile hajavaa zinazungushwa na mashine.

Kilo akasahau kutikisa.

— Kilo!

— Pole, pole.

Mutegi alikuwa amesimama. Ungemuona uso wake ungefikiri ameambiwa kuna daktari anashuka na ndege.

— Inapatikana wapi?

— Nairobi. Nimeshafungua duka lao hapa kwa simu. Wakipata oda kabla ya saa sita, wanapakia leo, parseli inapanda gari ya jioni, unaichukua kwa stage. Kesho Mzee anaamka saa inatembea.

— Agiza.

— Ngoja sasa. Agiza gani?

Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

— Kwani ni ngapi? Mutegi akauliza.

— Ziko nyingi, buda. Kwanza lazima uchague inazunguka kwenda wapi. Kuna za kuzunguka kulia tu, kuna za kushoto tu, kuna za kwenda na kurudi. Inategemea saa yenyewe inajazwa na upande gani.

— Ya Mzee inajazwa na upande gani?

— Tungefungua nyuma tuone.

— Hakuna mtu anafungua saa ya Mzee.

— Basi hatujui. Pili, mizunguko. Unaweka mizunguko ya siku nzima. Ikiwa michache saa haishibi, inasimama alfajiri. Ikiwa mingi...

— Ikiwa mingi?

Lennox akajikuna shingo.

— Wengine wanasema springi inachoka. Wengine wanasema hapana, ikishajaa inateleza tu yenyewe, haina neno.

— Hao wengine ni kina nani?

— Watu wa intaneti.

— Wanamjua Mzee?

— Mutegi, si uwe serious.

— Niko serious! Nikikosea upande na iharibike, hiyo saa imekufa mikononi mwangu. Si kusimama. Kufa. Nitaingia kwa hicho chumba nimwambie nini?

Mashavu akamwongezea kahawa ambayo hakuwa ameinywa, ikamwagika kwa kisahani.

— Chukua ile ya kwenda na kurudi, Kilo akasema. Hiyo haina kosa. Upande mmoja ukikataa, mwingine unakubali. Shida yangu si hiyo. Shida yangu ni stima. Dallas hii ikinyesha kidogo tu stima imepotea. Mashine inalala, saa inalala, Mzee anaamka. Umefanya nini?

— Ziko za betri, akasema Lennox.

— Nunua ya betri.

— Yaani, Mutegi akasema pole pole, saa ilitengenezwa isihitaji betri, sasa niinunulie mashine ya betri, ili isijue haina mkono?

Saa ilikuwa imefika kwa Lennox, akawa anaitikisa kwa mkono mmoja huku kidole gumba cha mkono mwingine kinapandisha picha kwa simu. Nyeusi ya ngozi. Ya mbao. Ya kioo mbele na taa ndani.

— Ya taa usichukue, nikasema. Mwizi akiona taa inawaka dirishani usiku atafikiri mna duka.

— Inalia? Mashavu akauliza.

— Nini?

— Hiyo mashine. Ikizunguka inalia?

Lennox akasoma.

— Wanasema haisikiki. Kuna mtu hapa chini ameandika yake inaguguna kama panya.

Mutegi akafunika uso.

— Tangu hospitali hataki kusikia mashine chumbani. Pale wodini alikuwa karibu na ile ya kupiga mlio, mlio, mlio. Usiku wa mwisho wa jirani yake, ule mlio ukawa mmoja mrefu. Alinihadithia na mdomo ule ule mzito. Sasa nimwekee kitu kinaguguna kitandani?

— Utaiweka jikoni.

— Jikoni inaguguna nani asisikie? Nyumba yetu unaijua.

Ilipofika hapo pikipiki ikaingia, ikazima, na Kailemia akashuka. Kailemia ni mtu wa Meru aliyeoa huku, anaendesha boda, anatafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, tangu asubuhi. Jina lake la kijiweni ni Mheshimiwa, kwa sababu aligombea uenyekiti wa stage akapata kura moja, na mpaka leo anashukuru hadharani aliyempigia. Alikuwa ameshasikia habari, maana habari za benchi yangu zinafika kwa stage kabla hazijaisha kusemwa. Akanyoosha mkono, akapewa saa, zamu yake.

— Mnauliza upande gani? Jibu ni rahisi. Hii saa alipewa wapi?

— Hapa hapa Embu, nikasema.

— Basi inazungushwa na upande wa Embu.

— Embu iko na upande?

— Fundi, umewahi kwenda Meru kweli? Kabla hujafika town kuna ile alama ya ikweta kando ya barabara. Sisi wa Meru mjini tuko juu ya mstari, nyinyi mko chini. Nanyuki wale vijana wanawaonyesha watalii maji kwa karai. Huku yanazunguka hivi, wakivuka hatua kidogo yanazunguka vile. Nimeona na macho yangu. Kama maji yanajua ikweta, kichuma cha saa hakijui?

— Hiyo ni mchezo wa karai, Lennox akasema. Hakuna kitu kama hicho.

— Wewe uliacha shule.

— Na wewe hukuanza.

— Ukichukua mashine ya Nairobi, imewekwa ya chini ya mstari, ni sawa kwa Embu. Lakini siku Mutegi akimpeleka Mzee kule Maua, juu ya mstari, kutibiwa, saa itaanza kurudi nyuma.

— Saa irudi nyuma! Mashavu akacheka, akajishika mdomo haraka, akamwangalia Mutegi.

Mutegi hakuwa amecheka. Alikuwa anafikiria. Hapo nikaona hali imekuwa mbaya, kwa sababu Mutegi ninayemjua angemfukuza Kailemia kwa maneno mawili. Huyu alikuwa anauliza:

— Kwa hivyo unasema kushoto?

— Nasema usikimbilie mashine hata kidogo, Kailemia akasema, sasa amepata masikio. Nipe hii saa niifunge kwa handlebar. Natoka hapa mpaka Runyenjes na kurudi, ile njia ya ndani ya mawe. Ikirudi imeshiba wiki.

— Ikirudi, Lennox akasema.

— Mimi niko na mbuzi nyuma ya bucha, akasema Kilo, naye kwa uso wa mtu anayetoa msaada. Yule wa kamba fupi. Hatulii huyo, mchana na usiku. Mfunge nayo shingoni.

— Na ukimchinja?

— Nitamchinja wa mwisho.

— Kilo, mbuzi?

— Mbuzi halii kama panya! Anakaa nje! Hataki stima! Nimekosea wapi?

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajikuta ninafikiria vile ningeweza kushona kamba ya shingo ya mbuzi, ya ngozi laini, yenye mfuko wa saa. Mtu akiwa na hofu akili yake inashika chochote.

Mteja wa Kilo akaingia kutaka nyama ya kusaga, Kailemia akamrudishia Kilo saa ili awashe sigara, Kilo akaingia nayo ndani. Tukaendelea kubishana kuhusu mbuzi. Alikuwa Mutegi aliyeruka kwanza.

— Saa iko wapi?

Ilikuwa kwa mizani. Kilo alikuwa ameiweka kwa mizani ili akate nyama, imelala hapo kwa bati, imetulia kabisa. Tulisukumana mlangoni watu wanne. Mteja akashika mkoba wake kifuani. Mutegi akaichukua, akaiweka kwa sikio, na Kilo akashikilia kisu chake hewani.

— Inaenda, akasema. Inaenda, inaenda.

— Kwa mizani hiyo ya Kilo, akasema Kailemia, hata saa ingeongezeka uzito.

Tulirudi kwa benchi, na safari hii Mutegi akaitikisa saa mwenyewe.

— Wacha niseme kitu, Kailemia akaanza tena, sauti chini. Kuna mzee kwetu, saa yake ya ukutani ilisimama, na yeye...

— Mheshimiwa! Mashavu akageuka na birika mkononi. Umalize hayo maneno nikumwagie hii.

Kailemia akatafuna, akatema pembeni. Lakini tayari tulikuwa tumeyasikia yale ambayo hakuyasema, kwa sababu kila mtu pale alikuwa nayo kichwani tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nayo. Niliangalia pale mwisho wa benchi, pale ambapo hakuna anayekaa siku hizi hata benchi ikijaa, na nikaogopa kabisa.

Simu ya Mutegi ikaita. Ni Gatwiri, mke wake. Tulimsikia mpaka sisi.

— Ameamka tena. Anatafuta saa. Haongei, anasugua tu pale ilipokuwa, anasugua na ule mkono mwingine mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Nimemshika nimeshindwa, ule mkono uko na nguvu. Unarudi saa ngapi?

— Narudi. Mwambie Fundi anamalizia kamba.

— Fundi amalize haraka.

Mutegi akakata simu.

— Lennox. Agiza.

— Gani?

— Yoyote! Agiza ya mbao, ya kwenda na kurudi, ya betri.

— Mizunguko?

— Ya katikati! Hakuna ya katikati?

— Iko. Lakini hapa wanasema ya betri ina nguvu kidogo kwa saa nzito. Hii ni nzito?

Saa ikazunguka benchi nzima tena, kila mtu anapima kwa kiganja. Kilo akasema nzito. Mashavu akasema nyepesi. Kailemia akasema inategemea uko upande gani wa ikweta. Mimi nikasema nzito kidogo, na nikajichukia, kwa sababu nimesaidia nini?

— Na kitu kingine, Mashavu akasema. Sitaki kukutia hofu, Mutegi, mwanangu. Lakini hii saa ikizoea mashine, siku mkono ukirudi, itaukubali? Mtoto ukimzoesha chupa...

— Mkono utarudi, Mutegi akasema.

— Utarudi, sote tukasema pamoja. Tumekuwa tukiyasema hayo tangu mwezi wa tano. Tuliyasema hospitalini tumesimama kuzunguka kitanda. Tunayasema kila anayepita akituuliza hali ya Mzee. Utarudi.

— Basi agiza, akasema Mutegi, na kidole cha Lennox kikawa juu ya kile kibonyezo cha mwisho.

— Samahani. Fundi wa viatu ni nani hapa?

Nikageuka. Mwanamke mmoja, kanzu ya kijani, sweta, kiatu kimoja kimevaliwa na kingine kiko mkononi, kisigino kimening'inia. Mteja! Mteja halali, kwa benchi yangu!

— Ni mimi, madam. Karibu. Mheshimiwa, mpishe madam.

Kailemia akasogea. Yule dada akakaa. Akasema anaitwa Ednah, ni mwalimu, amehamishwa kutoka Mwea, amepata nyumba wiki hii kwa ile ploti ya nyuma, na hiki kisigino kimemtoka kwa yale mawe ya njiani. Nilikuwa ndiyo ninachukua kiatu wakati Kailemia, bila hata kufikiri, akampa saa, kwa sababu zamu ilikuwa imefika hapo alipokaa.

— Hii ni nini?

— Tingisha, Kilo akamwambia.

— Nitingishe?

— Tafadhali, madam, Mutegi akasema, na alivyosema hiyo tafadhali, yule mwalimu akaanza kutikisa bila kuuliza zaidi.

Tukamweleza, sote kwa pamoja, mmoja anaanza mwingine anamaliza. Mzee. Kiharusi. Saa isiyo na betri. Mkono usiosogea. Sanduku la Nairobi, kulia na kushoto, stima, panya, ikweta, mbuzi. Mbuzi ilimfanya ainue nyusi, lakini hakukatiza. Alikuwa amezoea kusikiliza watu wakijieleza vibaya, nafikiri. Mkono wake ulikuwa unaendelea, pole pole, kwenda na kurudi.

— Sasa imebaki kubonyeza, akasema Lennox, na saa sita inakaribia.

— Kwani mkono wake wa kulia pia una shida? akauliza mwalimu.

— Hapana, akasema Mutegi. Wa kulia uko sawa. Anakula nao, anasalimia nao. Sasa hivi mke wangu ameshindwa kuushika.

— Sasa kwa nini asivae saa kwa huo?

Nilikuwa na msumari mdomoni. Nikautoa.

Kilo aliangalia Lennox. Lennox aliangalia simu. Kailemia alitema muguka wote. Ningependa kusema kwamba mmoja wetu alicheka, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa wazi kiasi cha kuchekesha. Hatukucheka.

— Saa huvaliwa kushoto, Kilo akasema mwishowe, na hata yeye alisikia vile hilo jibu lilivyokuwa dogo.

— Yangu hii naivaa kulia, akasema mwalimu, akatuonyesha. Naandika na kushoto.

Mutegi alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoongea, hakuwa anaongea na mwalimu.

— Nikimwambia, Baba, lete ule mwingine, ataniuliza kwa nini. Na yeye ataniangalia hivi, mnamjua. Nitamjibu nini?

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunanunua asubuhi nzima. Tulikuwa tunatafuta sanduku la kutusaidia tusiseme. Mradi saa inatembea pale kushoto, mkono utarudi, na hakuna mtu anayelazimika kumwangalia Mzee machoni. Tungefunga mbuzi, tungevuka ikweta, kuliko kuihamisha saa kutoka huku mpaka huku.

— Utamjibu nini? Mutegi akatuuliza tena, safari hii anatuangalia mmoja mmoja.

Mashavu akainua birika kumwongezea, likatoka tone moja na mashapo. Akaliweka chini. Kahawa ilikuwa imeisha na hakuna aliyelalamika. Mwalimu alikuwa bado anatikisa saa, ameona ameuliza kitu kizito na hajui ni kipi.

Lennox akarudisha simu mfukoni bila kubonyeza.

Mutegi akanyoosha mkono, akapewa saa. Hakuitikisa. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo saa kushikwa pale benchi ikatulia, na sisi wote tukaisikia, tik tik tik. Akapitisha kidole kwa kamba, akafika kwa lile shimo nililotoboa, akaendelea mbele.

— Fundi, akasema. Mkono wa kulia haujakonda. Lile shimo la zamani bado liko?

— Liko, nikamwambia. Sikuliziba.